Polepole ya Papa Gédéon

Fimbo ilizama, ikagonga mchanga mapema kuliko ilivyotakiwa, na Papa Gédéon akapandisha kichwa.

"Polepole!"

Nyuma, mita ishirini na tano kutoka pale aliposimama, mkwe wake Hubert alipunguza mafuta, na balenyeri, ile boti ndefu ya mbao, ikatuliza mwendo kama mtu aliyekumbuka kitu njiani. Katikati, abiria sitini na zaidi, waliokaa juu ya magunia ya mihogo, juu ya madumu ya mawese, juu ya kuku wa wenzao, walitoa mguno mmoja.

"Papa Polepole!" kijana mmoja akapaza sauti. "Tutafika Kisangani mbele ya Noeli, ao tukate kabisa sapin, mti wa Noeli, hapa pembeni?"

Ilikuwa mwezi wa pili. Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa nusu, kama kipimo cha muuza mchele mchoyo. Kila aliyecheka aliangalia kwanza turubai la buluu lililofungwa katikati ya boti. Chini yake, juu ya godoro la sponji, alilala Fanny. Fanny alikuwa mtoto wa Gédéon. Fanny alikuwa mke wa Hubert. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na tangu jogoo wa kwanza damu ilikuwa inamtoka.

Muuguzi wa Yanonge, walikotoka, hakuzungusha maneno. Aliandika barua ya mistari mitatu, akapiga mstari mara mbili chini ya neno urgence, halafu akalieleza kwa wale ambao Kifaransa kwao ni kelele tu: "Kisangani. Leo. Isipite saa nane. Hapa sina kisu, sina damu ya kumuongezea. Niko na dawa ya kichwa na maombi." Pikipiki ingekuwa haraka, ila kwa mashimo ya ile njia, pikipiki ingemaliza kazi ambayo damu ilikuwa imeanza. Ikabaki boti. Maji yakiwa mazuri, balenyeri iliyobeba mzigo inatoka Yanonge hadi Kisangani kwa saa sita. Waling'oa kamba saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu ilikuwa nzuri. Maji ndiyo hayakuwa mazuri.

Mwezi wa pili mto hukonda. Mchanga unahama bila kuaga. Pale ulipopita jana, leo ndege amesimama kwa mguu mmoja anakuangalia. Na anayeshika usukani nyuma haoni kitu, mbele yake kuna mlima wa magunia na miavuli. Macho yake ni mpima maji, yule anayesimama kwenye pua ya boti na fimbo ndefu: anachoma maji, anachomoa, anasoma, anachoma tena, siku nzima. Fimbo ya Gédéon ilikuwa na pete tatu za rangi nyekundu. Maji yakifunika zote, pita. Pete ya juu ikibaki kavu, paza sauti. Ya kati ikibaki kavu, ni kuzima moteri na kumkumbuka Mungu, maana tumbo la boti lilikaa sawasawa na ile ya kati.

Kwa miaka kumi na tisa Gédéon alifanya kazi hiyo kwa neno moja.

Na neno lenyewe wala halikuwa mali yake. Kisangani nzima inalitumia kama chumvi. Mama wa kwanga, ule mkate wa muhogo, akikutajia bei ya kukuua, unamwambia "polepole, mama," naye anaelewa kwamba hujakataa, unaomba ashuke. Mtu akikukanyaga kwenye foleni, "polepole!", yaani una macho ya nini? Wawili wakitaka kupigana, mzee anakuja na mikono miwili mbele, polepole, polepole, na wakati mwingine ni yeye anayepigwa. Ukiulizwa habari ya maisha, unajibu "polepole tu," na mwenye akili haongezi swali. Hata malembe, ndugu yake wa Kilingala, hafanyi kazi nyingi hivyo.

Lakini mdomoni mwa Gédéon neno hilo lilikuwa na kazi nne, si zaidi. Baba yake alikuwa mpiga lokole, ile ngoma ya gogo inayosema kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, na mtoto aliyelala karibu na lokole hasahau. Ya kwanza ilianza juu ikaanguka: punguza mwendo. Ya pili ilikuwa mapigo mawili mazito ya chini: zima kila kitu. Ya tatu ilivutwa, ikaanza chini na kupanda taratibu mwishoni, na maana yake ilikuwa ndefu kuliko yenyewe: maji ni machache, lakini yanapitika, shika hivyo hivyo, usikaze, usilegeze. Ya nne ilikuwa ndogo, karibu ya kuongea tu, na abiria wengi hawakuwahi kuisikia. Ilimaanisha tumepita. Moteri inaweza kumeza neno. Haimezi sauti inavyopanda na kushuka. Hubert hakusikiliza neno. Alisikiliza wimbo wake.

Na huko kwao hiyo haikuwa kazi tu. Bokilo ni bokilo, ukwe ni ukwe. Mkwe hali sahani moja na baba wa mke wake, hamtazami machoni, hapandishi sauti mbele yake. Akimkuta njiani, anatafuta mti wa kujifanya anauangalia. Tangu Hubert amlete mama yake kuomba Fanny, miaka sita, wanaume hawa wawili walikuwa hawajakaa kuzungumza hata siku moja. Mmoja mbele, mmoja nyuma, boti yao Maman Victoire nzima katikati yao, na lile neno likienda kila siku mara mia, mara mia mbili. Kulikuwa na ndugu wa tumbo moja waliosemezana kidogo kuliko hao.

Saa tatu asubuhi tantine Berthe, mkunga, alitoa kichwa nje ya turubai. Mikono yake ilikuwa na unyevu na hakutaka mtu aiangalie.

"Pumua, mwana," alikuwa anasema ndani. "Polepole. Usikamate pumzi, iachilie. Malembe, mama, malembe." Halafu akasema nje, sauti nyingine kabisa: "Papa Gédéon! Tuko wapi?"

"Tunakamata kona ya pili."

"Kona ya pili tu?"

Gédéon aliinua fimbo. Alichoma maji. Pete tatu. Akachomoa.

Yule kijana wa sapin alikuwa anaitwa Chance. Aliuza vifuniko vya simu, na kipaji chake kingine kilikuwa kuiga: mchungaji anayekohoa kabla ya sadaka, mtangazaji wa mpira, mke wa pili. Kuwafurahisha wasichana watatu wa Isangi waliokaa karibu naye, akaweka mikono mdomoni na kutoa mapigo mawili mazito ya chini.

"Pole-pole! Pole-pole!"

Aliigiza vizuri, masikini. Aliigiza vizuri kupita kiasi.

Nyuma, Hubert alizima moteri.

Kimya kikaanguka juu ya mto. Maji yalishika boti ubavuni na kuanza kuigeuza, na wasichana wa Isangi, waliokuwa wamefungua midomo kucheka, wakaisahau wazi. Gédéon alipindua shingo. Pete zake zote tatu zilikuwa zimelowa; hakuwa amesema kitu. Hubert akavuta kamba ya moteri. Ikakohoa. Akavuta tena. Walirudi nyuma na mto, wakapita tena mti ambao walikuwa wameupita, na kila mtu akauona huo mti, mti wa bure ambao hakuna angeukumbuka.

"Nani?" Berthe alikuwa amesimama. "Nani anacheza na pumzi ya mutoto wangu?"

Chance hakuhitaji kutajwa. Boti nzima ilikuwa imemwachia nafasi pande zote.

"Tantine, mi nilikuwa nachekesha batu tu..."

"Bon. Wamecheka?"

Robo saa ilipita kabla moteri haijashika. Hubert akasimama, fulana imeganda mgongoni, akazungumza huku anaangalia upande wa msitu, ili isiwe kwamba anamjibu mzee wake.

"Kuanzia sasa sisikie mutu! Nasikia moteri tu!"

Na akafungua mafuta yote.

Hapo sasa boti ikaenda. Maji yalipasuka pande mbili, turubai likapiga makofi, watu wakashika kofia na dua zao. Gédéon alichoma na kuchomoa, kuchoma na kuchomoa, mikono yake haikuwahi kufanya kazi haraka hivyo. Akaita ya kwanza kwenye kona ya tatu. Hubert hakupunguza. Wakapita, lakini chini ya miguu Gédéon alisikia mchanga ukilamba mbao, sauti ndogo, kama mtu anayekuna mgongo wake ukutani. Aliita tena mbele kidogo, na safari hii alihisi kwamba moteri imeshuka, kidogo tu, kwa aibu. Akaelewa. Mkwe wake alisema hasikii, na masikio yake yote yalikuwa mbele.

Saa nne na nusu wakafikia kisiwa kirefu kilicho chini ya kijiji cha Yakusu.

Pale mto unagawanyika. Upande wa kuume kuna njia pana yenye kina, inazunguka kisiwa chote, inakula saa nzima. Upande wa kushoto kuna njia nyembamba, kivuli, nyoofu kama mstari wa daftari. Mwezi wa kumi na moja kila boti inapita kushoto. Mwezi wa pili wanapita wavuvi na mitumbwi yao midogo, nao wanainua miguu.

Gédéon aliinua fimbo, akailaza juu ya kichwa chake, ncha ikielekeza kuume. Tuzunguke.

Pua ya boti ikageuka kushoto.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kuita ya pili, mapigo mawili, na Hubert, hata kwa hasira zile zote, mkono wake ungezima wenyewe kabla kichwa hakijaamua. Alikuwa na pumzi tayari kifuani. Lakini alipindua shingo kwanza, na akaona mguu. Mguu wa Fanny ulikuwa umetoka nje ya turubai. Mguu ule ule wenye alama ya kuungua, pale alipokanyaga jiko akiwa na miaka minne. Wayo ulikuwa na rangi ya kwanga. Na kando yake, ndani ya beseni, vitambaa ambavyo Berthe alikuwa amevifunika kwa kitambaa kingine, na kile cha juu nacho kilikuwa kimeanza kulowa.

Saa moja, Gédéon akafikiri. Njia hii inatupa saa moja.

Akachoma maji. Pete tatu. Akachoma. Tatu. Miti ya kisiwa ilikimbia. Akachoma, na pete ya juu ikatoka kavu.

Akalimeza neno.

Miaka kumi na tisa hakuwahi. Alikuwa ameita akiwa na malaria, aliita siku waliyomzika mama yake, aliita mbele ya wanajeshi waliomkataza. Sasa lilikaa kooni kama mfupa wa samaki na yeye akalisukuma chini. Akachoma tena. Kavu ya juu, na maji yakicheza kwenye mdomo wa ile ya kati. Itapitika, alijiambia. Mungu anaona. Akachoma tena, na kabla hajachomoa, mto ukasimama.

Si boti iliyosimama, ndivyo alivyoona yeye: mto. Kisha madumu yakaja mbele, kuku wakaja mbele, mama mmoja na mwavuli wake wakaja mbele, na nyuma kitu cha chuma kikavunjika kwa mlio mmoja. Ndani ya turubai Fanny akalia. Alilia mara moja tu, na hilo la mara moja ndilo lililotisha.

Hubert alikuja akikanyaga juu ya magunia, juu ya mabega, akapita turubai, akainama, akaangalia ndani, akasimama tena, akaendelea mpaka mbele. Alisimama mbele ya baba mkwe wake, karibu kiasi cha kunusa jasho. Watu waliangalia pembeni, maana kuna vitu havitazamwi.

"Papa," akasema. Alikuwa anamwangalia machoni. "Haukusema."

Gédéon alishika fimbo yake.

"Nilikuwa nangojea," Hubert akaendelea. "Nilisema sisikie, lakini nilikuwa nangojea. Haukusema, nikajua maji iko."

"Nilimuona," mzee akasema. "Nilimuona mutoto yangu."

Hubert alifuta uso kwa mkono wenye mafuta, akabaki na mstari mweusi toka sikio hadi kidevu, akaruka majini. Yakamfika magotini tu, karibu ya kucheka.

Wanaume wote wakashuka. Sasa, mkwe haoni mwili wa bokilo yake. Hilo hata mlevi wa Yanonge analijua. Gédéon alivua suruali, maana suruali iliyolowa ni jiwe, akashuka na kaptula yake ya ndani yenye tundu ambalo mkewe alikuwa ameahidi kulishona tangu Pasaka, akaweka bega lake kwenye mbao. Bega lililokuwa kando yake, alipogeuka, lilikuwa la Hubert. Wote wawili wakaangalia mbao.

"Alors, tusukume!" mtu akapiga kelele. "Moja, mbili..."

"Ngojeni!" Berthe alikuwa juu yao, ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili. "Mukirusha hii boti kwa nguvu, munamumalizia palepale. Munasikia? Hapana kurusha. Munainua kama munainua yai."

Basi wakainua kama yai. Tani nane za mihogo na mawese na watu, kama yai. Chembe za mchanga ziliachia moja moja. Walisukuma, wakapumzika, wakachimba kwa mikono na kwa sufuria za watu, wakasukuma. Chance alikuwa upande wa pili, majini mpaka kiunoni kwenye shimo alilolichimba mwenyewe, hana utani hata mmoja. Jua lilipanda mpaka likakosa pa kupanda. Kila baada ya muda Gédéon aliuliza bila kupandisha kichwa, "Berthe?" na toka juu Berthe alijibu, "Yuko." Neno hilo tu. Halafu safari moja alichelewa kujibu, na wanaume thelathini walisimama na migongo imekunjwa, mpaka sauti ikaja.

"Yuko. Endeleeni."

Saa saba ilipita kidogo pale boti iliposhtuka, ikajitikisa, ikaelea.

Kilichovunjika kilikuwa bomba la moshi la moteri. Hubert alipowasha, ilitoa kelele ya kiwanda kizima. Ndege wa kisiwa waliruka wote. Gédéon alipanda mbele, mbele yao bado nusu ya ile njia ya mchanga, akachoma, pete ya juu kavu, akaita. Koo lake, lililoanza kazi saa kumi na mbili, likatoa upepo. Akaita tena. Nyuma kabisa aliona Hubert anainama, mkono nyuma ya sikio, anatikisa kichwa: hapana. Hapana, papa, sikupati.

Kukaa pale, ndiyo kifo. Kwenda bila macho, kifo kile kile na haraka zaidi.

"Papa."

Chance alikuwa amesimama juu ya madumu, katikati ya boti, maji yanamtiririka. Hakuwa na uso wa kuchekesha. Bila ule uso alionekana kama mtoto wa mtu.

"Papa, uniambie mi. Mi nitaitupa nyuma."

Gédéon alimwangalia muda wa kuchoma maji mara moja.

"Uliicheza asubuhi," akasema kwa ule upepo wake. "Unaijua?"

"Naijua zote, papa. Tangu tutoke Isangi jana nakusikiliza."

Mzee akageukia mto. Akachoma, akasoma, akatoa ya tatu, ndogo, iliyopasuka, ikipanda mwishoni. Na nyuma yake, kwa sauti changa yenye nguvu, ikatoka nyingine, chini kwanza, halafu juu, hakuna kilichopungua: poooolepole. Moteri ikashuka sawasawa. Boti ikasogea.

Mama mmoja muuza kwanga alimfunga jogoo wake mdomo kwa vidole viwili. Wasichana watatu wa Isangi walikuwa wameshikana mikono. Kila Chance alipoita, midomo ya watu ilicheza na yeye, kimya, kama kanisani pale watu wanapofuata padri bila kujua wanafuata. Pete ya juu kavu. Kavu. Ya kati, Bwana, ya kati ikitoa kichwa, na Gédéon akapiga mapigo mawili kwa kisigino juu ya mbao kwa sababu pumzi ilimtoroka, na Chance akayatafsiri kwa mdomo kabla mguu haujashuka mara ya pili. Moteri ikazimwa. Wakapita kwa mwendo uliobaki, kimya, tumbo la boti likikuna, likikuna, likikuna, halafu halikuni tena.

Akachoma. Pete tatu. Akachoma mbele zaidi. Fimbo haikupata chini.

Upande wa kushoto, mbali, mdomo wa mto Lindi ulikuwa unamwaga maji yake meusi mtoni. Gédéon alisema kitu.

"Papa?" Chance akainama. "Hiyo moja siijui."

"Ile ndogo. Utupe tu."

"Lakini inataka kusema nini?"

"Utupe, mutoto yangu. Yee anaijua."

Chance aliirudia jinsi alivyoisikia, ndogo, karibu ya kuongea, akashangaa jinsi ilivyokuwa ngumu kuipeleka mbali bila kuifanya kubwa. Watu waliipokea wakaipitisha wenyewe, mdomo kwa mdomo, juu ya magunia, mpaka nyuma. Hubert akaweka paji la uso juu ya mkono wa usukani. Kwa muda mfupi tu. Halafu akawasha moteri, akafungua mafuta.

Walifika Kisangani saa tisa. Isipite saa nane, muuguzi alikuwa amesema, na kila mtu aliyekuwa ndani ya boti alikuwa anajua, na hakuna aliyeangalia simu. Chini ya katedrali vijana wa bandarini walikuja kugombania mizigo, wakaona godoro linashushwa na watu wanane, wakaachia mizigo na kushika pembe za godoro. Mlima wa mchanga unaotoka majini wanaupanda kila siku wakitukanana. Safari hii walipanda kwa hatua moja, na aliyekuwa mbele alitembea kinyumenyume, ameinama, anaangalia uso wa Fanny na kusema lile neno kwa kila hatua, hajui hata kwamba analisema.

Huko hospitali kuna benchi refu la mbao nje ya mlango wa upasuaji. Gédéon alikaa mwisho wa huku. Hubert alikaa mwisho wa kule. Katikati yao palikuwa na nafasi ya watu sita, na watu walioingia waliiangalia wakaenda kusimama ukutani. Suruali ya mzee, aliyoirudisha juu ya kaptula iliyolowa, ilikuwa imekauka juu yake na mchanga wa kisiwa ulikuwa unadondoka kwenye sakafu, chembe chembe. Mstari mweusi ulikuwa bado shavuni mwa Hubert. Berthe alikuwa amelala wima, kichwa mlangoni.

Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya benchi pale mlango ulipofunguka. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, jina lake Déborah liliandikwa kifuani. Alishusha kitambaa cha mdomo. Wote watatu walikuwa wamesimama.

"Mutoto tumemutoa," akasema. "Analia kidogo. Mama bado docteur yuko juu yake. Damu imeanza kupunguka." Aliangalia toka kwa mzee hadi kwa kijana, kama anatafuta nani wa kumpa kilichobaki. "Banafanya polepole."

Mlango ukafungwa.

Gédéon alibaki na lile neno. Maisha yake yote alikuwa amelitoa kwa wengine. Hakuwa amejua uzito wake ukiwa mtu wa kulipokea. Alilipindua huku na huku akitafuta wimbo wake, unapanda wapi, unashuka wapi, na ile sauti ya muuguzi ilikuwa imelala sawa kabisa, kama maji ambayo hayaonyeshi chini.

Alipokaa tena, aliona Hubert anamwangalia toka mwisho wa benchi. Siyo machoni, mdomoni. Vile alivyomwangalia toka nyuma ya boti miaka sita, juu ya magunia, juu ya miavuli. Mkono wake wa kuume, ule wa moteri, ulikuwa umekamata goti na kulikaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Mzee alifungua mdomo. Koo halikutoa hata upepo.

Basi akaweka kiganja juu ya mbao za benchi. Akangoja kidogo, kama anayesoma fimbo. Halafu akapiga kwa vidole, taratibu, ile ya tatu: sauti ya chini kwanza, akaivuta, na mwishoni akapandisha.

Ikapita katika mbao, nafasi ya watu sita. Kule mwisho mkono ukaachia goti kidogo, ukashika hapo hapo.